Kupima kingamwili za korona kwa wanafunzi Kisumu: kutoka rejista ya darasa hadi sahani ya maabara

Mwongozo huu ni wa timu ndogo inayotaka kwenda shuleni, kuchukua damu ya watoto na kupima kingamwili za virusi vya korona, yaani protini za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi hivyo: muuguzi mmoja au wawili, mteknolojia wa maabara, msaidizi wa utafiti anayezungumza Kidholuo na Kiswahili bila kubabaika, na mtu wa kushika data. Nimeuandika nikiiwaza Kaunti ya Kisumu, ila aliye Siaya, Vihiga au Nakuru ataufuata akibadilisha machache. Sehemu ya maabara ndiyo watu huiogopa, na kwa maoni yangu ndiyo nyepesi, maana vifaa vya kupimia huja na karatasi ya maelekezo. Tafiti hizi huharibika kabla damu haijafika huko: mtoto amechaguliwa na mwalimu badala ya kura, mzazi ametia sahihi asichokielewa, kadi ya karatasi iliyodondoshewa damu imefungwa ikiwa bado mbichi.

Kuna atakayeuliza, korona tena? Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023. Ni kweli. Lakini picha ya watoto wetu ilibaki na mapengo. Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza Machi 2020 na shule zikafungwa mwezi huohuo. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba, wengine wote Januari 2021. Katika kipindi hicho watafiti wa KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya) na shirika la Wellcome la Uingereza, kule Kilifi, pwani, walipima damu ya watu 3,098 waliojitolea kuchangia damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakakadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili. Mwanzoni mwa 2021, kwa wachangiaji wa damu vilevile, makadirio yalifika asilimia 48.5. Kazi nzuri sana. Ila Kenya huruhusiwi kuchangia damu kabla hujatimiza miaka 16, kwa hiyo katika namba hizo mtoto wa gredi ya 3 hayumo.

1. Amua unauliza nini

"Tunapima kingamwili" si swali. Je, unataka kujua ni watoto wangapi waliwahi kuambukizwa? Au kiwango cha kingamwili walicho nacho sasa ni kikubwa kiasi gani? Au kinashuka kwa kasi gani? La kwanza linatosheka na ziara moja katika kila shule. La pili linahitaji kipimo kinachotoa kiasi, si kile cha mstari mmoja au miwili kama cha mimba. La tatu linakudai urudi kwa watoto walewale baada ya miezi kadhaa, na hapo bajeti hupanda mara mbili.

Swali likishaeleweka, chagua kingamwili ipi. Virusi vya korona vina protini ya mwiba, ile inayochomoza nje na ambayo chanjo nyingi zimetengenezewa, na vina protini ya ndani inayofunga chembe zake za urithi, iitwayo nyukliokapsidi. Mtu aliyeambukizwa kwa kawaida hutengeneza kingamwili dhidi ya zote mbili. Aliyechanjwa AstraZeneca au Pfizer bila kuambukizwa atakuwa na za mwiba tu. Aliyepewa Sinopharm anaweza kuwa na zote, kwa sababu chanjo hiyo ni kirusi kizima kilichouawa. Chanjo ilianza nchini Machi 2021, na vijana wa miaka 15 na zaidi wakaanza kupewa Pfizer mwishoni mwa mwaka huo. Kwa hiyo ukiwa sekondari lazima uulize habari za chanjo na uone kadi ya chanjo au ujumbe wa simu. Kwa watoto wa gredi za chini chanjo haikuwafikia, na kingamwili yoyote utakayoikuta karibu yote imetokana na maambukizi.

Pima zote mbili kama fedha zinaruhusu. Za nyukliokapsidi huelekea kufifia mapema, na mtoto aliyepata maambukizi mepesi, pengine mafua ya siku mbili tu, anaweza asionyeshe kitu upande huo.

2. Vibali, kwa mpangilio wake

Anza na kamati ya maadili. KEMRI wanayo yao, Chuo Kikuu cha Maseno wanayo, na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga pia. Ukishapata idhini yao ndipo uombe leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, kisha barua ya idara ya afya ya kaunti na ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Ukigeuza mpangilio huu utarudishwa. Kwa kuwa unakusanya habari za afya za watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu pia. Andika mapema nani atashika majina, yatakaa wapi na yatafutwa lini.

Mwalimu mkuu hataki kuonyeshwa barua kwenye simu. Peleka nakala yenye muhuri, umwachie moja ya faili lake.

Kuhusu kalenda: epuka wiki ya kufungua shule, kila mtu anapofuatilia karo na sare, na epuka muhula wa tatu wenye mitihani ya kitaifa. Muhula wa pili unafaa zaidi, hasa mvua za masika zikishapungua, kwa sababu barabara za Nyando na Nyakach zikifurika hata pikipiki hukwama.

3. Chagua shule, kisha watoto

Hesabu ya msingi ni hii. Ukichukulia kwamba nusu ya watoto wana kingamwili (dhana hiyo ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote) na unataka makadirio yasiyopotoka zaidi ya asilimia 5 juu au chini, unahitaji watoto 385. Lakini hao 385 ni kama ungeokota watoto mmojammoja kutoka kaunti nzima. Wewe unakwenda shuleni, na watoto wa shule moja hupumua hewa moja. Mmoja akiambukizwa, wenzake wako karibu. Ndiyo maana unazidisha. Ukichukua watoto 25 kwa kila shule, na ufanano wao (kipimo cha jinsi watoto wa shule moja wanavyofanana, 0 ikiwa hawafanani kabisa na 1 ikiwa wote ni sawa) ukiwa wa 0.04, kizidisho ni 1 + (24 × 0.04), yaani 1.96. Unapata 755. Ongeza nafasi ya asilimia 10 watakaokataa au kukosekana, unafika 839, sawa na shule 34.

Mtu atakuambia, "Shule 34 ni nyingi, tuchukue watoto 50 kila shule." Fanya hesabu hiyohiyo: kizidisho kinakuwa 2.96, watoto 1,267, shule 26. Umepunguza shule nane na kuongeza watoto zaidi ya 400 wa kutobolewa vidole. Sioni faida yake.

Orodha ya shule utaipata katika ofisi ya elimu, lakini isome kwa jicho la mwenyeji. Nyalenda, Manyatta na Obunga zina shule ndogo za watu binafsi na za makanisa ambazo huenda orodha hiyo haizijui. Ukiziacha, umewaacha watoto wanaokaa katika vyumba vilivyobanana kuliko wote mjini, na makadirio yako yatakuwa ya upande mmoja. Tembea na wahudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo; wao wanajua kila geti. Kisha gawa shule kwa makundi, za mjini na za mashambani, za bweni na za kutwa, uchague kwa kura ndani ya kila kundi.

Ndani ya shule, omba rejista. Hapa ndipo pa kuwa na msimamo. Mwalimu wa darasa, kwa nia njema kabisa, atasema, "Ngoja nikupatie wale wachangamfu, hawa wengine watakusumbua." Mshukuru, na usikubali. Mwombe akusomee majina kwa namba, wewe uwe na orodha ya namba zilizopigwa kura tangu ofisini. Mtoto ambaye hakuja siku hiyo abaki kwenye orodha na umfuate siku nyingine, usimbadilishe na aliye karibu. Wanaokosa shule si sawa na wanaokuja: kuna aliye mgonjwa, kuna anayelea mdogo wake, kuna mvulana aliyeamkia ufuoni kusubiri mashua za samaki.

4. Wazazi

Tenga muda mwingi hapa kuliko unavyodhani.

Mtu anayefika kijijini na gari, koti jeupe na sindano si mgeni katika masimulizi ya magharibi mwa Kenya. Habari za kachinja, watu wanaosemekana kunyonya au kuuza damu, zina miaka mingi kuliko korona, na hazikupungua pale ambapo kila utafiti ulichukua damu na haukurudi kusema ulipata nini. Usizicheke wala usizikemee. Jibu kwa kuonyesha: leta lanseti yenyewe, ile sindano fupi ya kutobolea kidole, na kadi yenyewe kwenye mkutano, jitoboe kidole mbele yao, waone ukubwa wa tone. Matone matano unayohitaji kwenye kadi hayafiki sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Ukisema "kiasi kidogo tu cha damu" hujasema kitu.

Pitia kwa chifu na wazee wa mtaa kwanza, kisha mkutano wa wazazi shuleni. Zungumza Kidholuo panapohitajika. Katika shule za mjini Kiswahili kinatosha. Barua ya ridhaa isizidi kurasa mbili, iseme nani anafanya utafiti, damu inapimwa nini, itakaa wapi, na namba ya simu inayopokelewa.

Swali litakalokuja kabla ya mengine yote hapa kwetu ni hili:

"Daktari, na hiyo damu si mtapima ukimwi?"

"Hapana, mama. Tunapima kingamwili za korona, na malaria kama umekubali pale chini. Hakuna kingine. Tukitaka kupima kingine chochote baadaye, lazima turudi tukuulize upya."

"Na mkipata mtoto ana malaria?"

"Atapata dawa siku hiyohiyo, na tutakupigia simu."

Jibu hilo liwe kweli. Usiliseme kama itifaki yako inaruhusu vipimo vingine. Kuhusu malaria, nashauri kwa nguvu uiongeze. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya, tone moja zaidi linatosha kwa kipimo cha haraka, mzazi anapata faida anayoiona kwa macho, na wewe, kama utakavyoona kwenye hatua ya 7, unahitaji jibu hilo kwa ajili ya maabara.

Nani anatia sahihi? Kisheria mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Wengi wanalelewa na nyanya, mama yuko Nairobi, baba hayupo tena. Kamati ya maadili ikuambie mapema ni mlezi yupi anakubalika, na usimwache mwalimu atie sahihi kwa niaba ya mzazi kwa kuwa tu yuko hapo. Kwa nyanya asiyesoma, msomee mbele ya shahidi asiye wa timu yako, kisha achukuliwe alama ya kidole gumba.

Halafu muulize mtoto. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, amekataa. Hakuna biskuti ya kumbembeleza wala mwalimu wa kumwangalia kwa jicho kali. Mwalimu asiwe chumbani wakati wa kuuliza.

5. Siku ya damu

Omba chumba chenye madirisha mawili na mlango wa kutokea tofauti na wa kuingilia, ili aliyetobolewa asirudi kuwasimulia walio kwenye foleni. Usipange foleni ndefu. Ita watoto watatu watatu. Weka meza ya kuhakiki majina, meza ya hojaji, meza ya damu, na mkeka kando kwa atakayepata kizunguzungu. Watoto wawe wamekula. Panga kuanza baada ya uji wa saa nne.

Hakiki kwa vitu viwili, kamwe si jina peke yake. Katika darasa moja unaweza kuwa na akina Achieng watatu na Otieno wanne, na mtoto aliyeandikwa Brian kwenye rejista nyumbani ana jina jingine kabisa, ambalo ndilo mama yake aliloandika kwenye barua ya ridhaa. Tumia namba ya utafiti pamoja na tarehe ya kuzaliwa au jina la mlezi. Bandika lebo yenye namba kwenye kadi, hojaji na barua mtoto akiwa mbele yako. Jina lisionekane kwenye kadi.

Kabla ya kutoboa uliza: ana selimundu? Damu yake huchelewa kuganda? Amechanjwa lini? Selimundu ni nyingi ukanda huu, na mwenye nayo anaweza kushiriki, ila mikono yake isioshwe kwa maji baridi.

Kutoboa kwenyewe:

Mtoto anawe mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaushe. Mikono ikiwa baridi damu haitoki vizuri. Kisumu hilo si tatizo sana, lakini ukifanya kazi Molo saa moja asubuhi utahitaji chupa ya maji ya moto.

Chagua kidole cha kati au cha pete, mkono asioandikia. Pangusa kwa spiriti na usubiri ikauke kabisa, la sivyo itamuuma na itaharibu tone.

Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati penye nyama ambapo hisia ni kali. Lanseti iingie kisanduku cha sindano papo hapo, haiwekwi mezani hata kidogo.

Futa tone la kwanza kwa pamba kavu. Tone la pili na yanayofuata yaache yajae yenyewe, mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo. Unaweza kukanda kiganja taratibu kuelekea kidole, ila usikamue ncha. Ukikamua unatoa majimaji ya mwilini yanayochanganyika na damu, na kiwango cha kingamwili kitaonekana kidogo kuliko kilivyo. Kwa anayehesabu "wangapi wana" hilo si janga; kwa anayepima viwango ni kosa ambalo hakuna programu ya kompyuta itakayolirekebisha.

Tone liguse karatasi, kidole kisiiguse. Duara lijae kwa tone moja kubwa, lionekane limeloweka hadi upande wa nyuma. Usirudishe tone la pili juu ya la kwanza. Kadi za kawaida zina maduara matano. Matatu yaliyojaa vizuri ni bora kuliko matano yenye madoa.

Bana kidole kwa pamba, plasta, kisha juisi na apumzike kidogo. Akilegea, mlaze na uinue miguu. Kipimo cha malaria kisome kwa dakika zilizoandikwa kwenye kifurushi, si kwa kukisia.

Kukausha ndiko kunakohitaji mlinzi. Laza kadi kwenye vishikio, zisigusane, mbali na jua, kwa saa nne angalau; siku yenye unyevu ziache usiku kucha mahali panapofungwa. Jua la dirishani huonekana kama msaada, kumbe joto huharibu protini. Inzi na sisimizi wanaipenda damu mno, na chungu wadogo wataitafuna karatasi hadi ibaki na matundu, kwa hiyo funika vishikio kwa neti na usimamishe miguu ya meza kwenye mikebe ya maji. Damu iliyokauka ni ya rangi ya kahawia iliyokolea, haing'ai. Ikiwa bado inang'aa, ngoja.

Muuguzi akijichoma kwa lanseti iliyotumika: aoshe kwa maji na sabuni, aripoti, apelekwe kituo cha afya siku hiyo kuanza dawa za kuzuia VVU. Dirisha lake ni saa 72, lakini mapema ndiyo bora. Jua jina la kituo kabla hujafika shuleni.

Kuna timu zitakazotaka damu ya mshipa, na zina sababu: mililita tatu hadi tano hutoa ukwasi (yale majimaji ya damu yanayobaki chembe zikitengwa) wa kutosha kwa vipimo vingi. Acha tyubu isimame dakika 30 igande, izungushwe kwenye sentrifyuji, ukwasi ugawanywe kwenye vichupa viwili au vitatu, kisha friza. Kwa watoto wa shule za mbali zisizo na umeme wa uhakika, mimi nachagua kidole.

6. Safari na hifadhi

Kadi zikikauka, kila moja iwekewe karatasi ya kuitenga na nyingine, ziingie mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu na kikadi kinachobadilika rangi unyevu ukipanda. Kadi hazihitaji barafu njiani. Barafu huleta majimaji, nayo ndiyo adui. Sanduku lifungwe, lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Maabara, ziweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na vile vifuko vikibadilika rangi vibadilishwe.

7. Maabara

Kipimo cha kawaida ni ELISA, ambapo kingamwili hunasa kwenye protini ya kirusi iliyobandikwa kisimani na rangi hutokea kulingana na wingi wake, na njia ya shanga za rangi inayopima protini nyingi kwa pamoja ni nzuri kama maabara yako inayo mashine. Kwa ELISA: toboa kipande cha milimita tatu katikati ya doa, kiloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi yenye dawa kidogo ya kulainisha, na asubuhi tumia maji hayo kama ambavyo ungetumia ukwasi uliopunguzwa makali. Kipande hicho kina takriban mikrolita tatu za damu nzima, na nusu au zaidi ya hizo ndiyo ukwasi. Mtoto mwenye upungufu wa damu ana ukwasi mwingi zaidi katika doa lilelile, hivyo kiwango chake kitapanda kidogo bila sababu ya kinga. Kama umempima wingi wa damu, andika.

Kila sahani (kibao cha plastiki chenye visima vidogo 96) iwe na sampuli za udhibiti zinazojulikana kuwa chanya na hasi, na kila sampuli iende visima viwili. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 20, rudia. Ili kupata kiwango, si ndiyo au hapana tu, weka msururu wa sampuli ya rejea iliyopunguzwa hatua kwa hatua, usome yako dhidi ya mstari wake. Desemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilikubali kipimo cha kimataifa cha kingamwili za korona kilichoandaliwa Uingereza, na kizio chake huandikwa BAU kwa mililita. Ukitumia kizio hicho, matokeo yako ya Kisumu yanaweza kuwekwa kando ya ya Kilifi au ya nchi nyingine. Ukiripoti wingi wa rangi peke yake, yatabaki ya sahani yako tu.

Sasa kuhusu malaria. Mwili unaopigana na malaria mara kwa mara hutoa kingamwili za kila aina, na baadhi hunata kwenye protini za korona bila mtu kuwahi kuambukizwa. Sampuli za Afrika zilizohifadhiwa tangu kabla ya 2020 zimeonyesha jambo hili mara nyingi. Kwa hiyo usiuamini mpaka wa chanya uliowekwa na kiwanda kwa damu ya Ulaya. Tafuta sampuli za zamani za watu wa hapahapa, ambao hawangeweza kuwa na kingamwili za korona, uzipitishe kwenye kipimo chako na uweke mpaka wako. Kilifi walifanya hivyo: katika sampuli 910 za kabla ya janga, kipimo chao kilisema hasi kwa 901, yaani asilimia 99, na kikawagundua asilimia 92.7 ya walioambukizwa kweli. KEMRI Kisian, nje ya mji wa Kisumu, wamekusanya damu katika tafiti za malaria kwa miaka mingi. Omba ushirikiano, na kamati ya maadili ikubali matumizi hayo.

8. Hesabu ambayo wengi huiruka

Asilimia uliyoipata kwenye sahani haijawa jibu. Chukua asilimia hiyo, jumlisha uwezo wa kipimo kutambua walio hasi, toa moja. Gawanya kwa uwezo wa kugundua chanya jumlisha uwezo wa kutambua hasi, toa moja. Mfano: watoto 30 kati ya 100 wameonekana chanya, kipimo kinagundua asilimia 92 ya chanya na kinatambua asilimia 98 ya hasi. Inakuwa (0.30 + 0.98 − 1) ÷ (0.92 + 0.98 − 1), sawa na 0.28 ÷ 0.90, asilimia 31. Tofauti ndogo. Lakini kama chanya ni 6 tu kati ya 100 na kipimo kinatambua asilimia 95 ya hasi, hesabu ileile inakupa asilimia 1 na kidogo. Karibu wote uliodhani wameambukizwa walikuwa kelele za kipimo.

Kumbuka pia uzito wa kila shule na ule ufanano wa watoto wa shule moja unapotoa mipaka ya makadirio. Viwango vyenyewe usivijumlishe na kugawanya kikawaida, maana watoto wachache wenye viwango vikubwa mno watakuvuta juu. Tumia wastani wa kijiometri (unaopatikana kwa kuchukua wastani wa logi za viwango, kisha kuurudisha kuwa kiwango), na uonyeshe mtawanyiko kwa umri.

9. Kurudisha majibu

Mtoto mwenye kingamwili aliwahi kukutana na kirusi. Hilo halisemi kwamba yuko salama, wala halisemi kwamba ana virusi leo, kwa sababu kingamwili hujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya maambukizi na kubaki muda mrefu baada ya virusi kuondoka. Asiye nazo huenda hakuambukizwa, au aliambukizwa zamani zikafifia. Waambie wazazi hivyo kwa maneno haya haya, mdomoni, si kwenye barua tu. Usimpe mwalimu mkuu orodha ya majina ya walio chanya hata akiomba kwa upole. Mpe asilimia ya kaunti ndogo yake. Shule ikiwa na watoto 25 tu waliopimwa, namba ya shule peke yake haina uzito wa kutosha na huwafanya watu waanze kuonyeshana vidole.

Rudi mwenyewe kwenye mkutano wa wazazi kabla muhula haujaisha, pamoja na yule msaidizi wa Kidholuo waliyemzoea. Leta na ripoti fupi kwa idara ya afya ya kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu, yenye ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Mwisho, kadi zilizobaki kwenye friza. Kama barua ya ridhaa ilisema zitateketezwa baada ya utafiti, weka tarehe, ziteketezwe kwenye tanuri la hospitali, na mteknolojia aweke sahihi kwenye daftari. Kama ilisema zitahifadhiwa kwa vipimo vya baadaye, tenganisha zile za wazazi waliotia alama "hapana" kwenye kisanduku hicho, na uzitoe kwanza.